Shukrani kwa mshauri asiyetaka kutajwa
Ahsante sana, mwalimu, kwa kutukalisha chini na kikokotoo. Waombaji wengi wa udaktari wa meno Marekani hudhani kurudia somo hufuta alama mbovu. Mfumo wa maombi wa AADSAS huhesabu zote mbili, hata kama chuo chenyewe kimeifuta ile ya kwanza! Ndiyo maana wastani wa alama (GPA) hupanda kwa mwendo wa kinyonga: krediti 120 za masomo zenye wastani wa 2.8 kati ya 4, ukiongeza 30 za A tupu (yaani 4), zinakufikisha 3.04 tu. Ila wastani wa sayansi hukokotolewa peke yake, na ulisisitiza kuwa huo ndio wa kupigania, kwa biokemia, fiziolojia na mikrobiolojia. Fomu nayo iende mapema, maana vyuo vingi huita watu kwenye usaili kadiri maombi yanavyoingia.