Daraja la kwanza lenye hisabati dhaifu: je, mpwa wangu aombe Shahada ya Uchumi?

Ndugu Mshauri,

Ninaandika kutoka Ujiji, katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, kuhusu mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, ambaye nimemlea tangu akiwa shule ya msingi. Amemaliza Kidato cha Sita mwaka huu katika tahasusi ya HGE, yaani Historia, Jiografia na Uchumi, na matokeo yake ni haya: Historia A, Jiografia B, Uchumi C. Kwa utaratibu wa Baraza la Mitihani, ambapo A ni 1, B ni 2 na C ni 3, hizo ni pointi 6, kwa hiyo ni daraja la kwanza, na mtaa mzima umefurahi pamoja nasi. Yeye anataka kusoma Shahada ya Uchumi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na hajataja kozi nyingine yoyote. Mimi nimeusoma muongozo wa udahili kwa makini, na nimebaki na wasiwasi ambao pongezi za majirani haziuondoi. Wasiwasi huo unatokana na alama mbili ambazo hakuna anayezigusa anapompongeza: katika Hisabati Tumizi ya Msingi, somo ambalo wanafunzi wote huliita BAM, amepata S, na katika Hisabati ya Kidato cha Nne alipata D.

Naomba nieleze jinsi ninavyoyaelewa matokeo haya, ili kama nimekosea unisahihishe kabla hatujaamua. Daraja la Kidato cha Sita hupatikana kwa masomo matatu ya tahasusi peke yake. BAM na Maarifa ya Jumla hayaingii katika hesabu hiyo, na ndiyo maana S ya hisabati haikulishusha daraja lake hata kidogo. Chuo kikuu hakianzii hapo. Chuo huangalia masomo mawili yanayotambuliwa na programu inayoombwa, kisha hujumlisha thamani ya alama zake kwa hesabu yake tofauti, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Ikiwa programu inaipokea Historia pamoja na Uchumi, mpwa wangu ana pointi 8. Ikiwa Historia haimo katika orodha ya programu hiyo, zinabaki Uchumi na Jiografia, na pointi zinakuwa 7. Vyovyote iwavyo amevuka kiwango cha chini cha pointi 4 kilichowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Hata hivyo pointi 4 zinamruhusu mtu kuomba tu, na hapa kwetu watu wengi wanazichukulia kana kwamba zinampa nafasi.

Ushindani ndio unaonipa mashaka. Kozi ya Uchumi katika vyuo vikubwa huombwa na vijana waliosoma EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati, ambao wamefanya Hisabati ya Juu kwa miaka miwili kama somo kamili la tahasusi, na huombwa pia na vijana wa ECA wenye Uchumi, Biashara na Uhasibu. Nafasi zikiwa chache kuliko waombaji, sioni kwa nini chuo kimwache mwenye B ya Uchumi na C ya Hisabati ya Juu kimchukue mwenye C ya Uchumi na S ya BAM, hata kama huyu wa pili ana A ya Historia. A hiyo ni ya haki kabisa, ameifanyia kazi usiku na mchana, na ingempa nguvu kubwa katika sheria, uhusiano wa kimataifa au ualimu. Katika Uchumi inamsaidia kuandika na kujenga hoja, lakini haizibi pengo lililopo kwenye hisabati.

Nilitaka kwanza kuielewa hiyo C ya Uchumi, maana alama kati ya 60 na 69 inaweza kupatikana kwa njia nyingi. Nilimwendea mwalimu aliyemfundisha somo hilo, naye alinionyesha karatasi zake za majaribio. Katika maswali ya kueleza alikuwa miongoni mwa wa kwanza darasani: sababu za mfumuko wa bei, kazi za benki kuu, matatizo ya kodi katika nchi zinazoendelea, yote aliyajibu vizuri na kwa mpangilio. Alama zilipotea kwenye maswali ya kukokotoa. Akipewa takwimu za pato la taifa atafute thamani halisi baada ya kuondoa athari ya bei, anaanza vizuri kisha anakwama. Akipewa bei na kiasi kilichonunuliwa atafute mnyumbuko wa mahitaji, yaani mahitaji hubadilika kwa kiasi gani bei ikibadilika, anaijua kanuni lakini anageuza namba, juu inakwenda chini. Mwalimu aliniambia kwamba kama mtihani wote ungekuwa wa maelezo angepata A, na aliyasema hayo kwa kumsifu. Mimi niliondoka pale nikiwa na mashaka zaidi, kwa sababu sidhani kama shahada ya uchumi ni ya maelezo matupu.

Kijana mmoja wa mtaa wetu anayesoma uchumi chuoni alipokuja likizo nilimwomba anionyeshe madaftari yake ya mwaka wa kwanza. Sikuelewa mengi, lakini niliona kwamba yale mambo ambayo mpwa wangu ameyazoea kuyaeleza kwa aya, kule yanaandikwa kwa milinganyo na michoro. Kijana alinieleza kwamba somo la hisabati kwa wanauchumi linaanza na kutafuta kiwango cha mabadiliko ya kitu kimoja kutokana na kingine, likaingia kwenye matriksi, yaani hesabu za namba zilizopangwa kwa safu na mistari, na kwamba wahadhiri huenda kwa mwendo wa mtu aliyewahi kuyaona mambo hayo. Baadaye huja takwimu, kisha ekonometriki, ambapo mwanafunzi hutumia takwimu kupima, kwa mfano, ni kwa kiasi gani bei ya mafuta inaathiri bei ya chakula. Alisema pia kwamba katika darasa lao waliopata matatizo, waliofanya sap (mitihani ya marudio) mfululizo na wachache waliodisko, yaani walioondolewa chuoni kwa kufeli, wengi hawakuwa wavivu. Walikuwa na msingi mwembamba wa hisabati na hawakupata muda wa kuujenga. Maneno hayo yamenikaa moyoni.

Sasa nifike kwenye S yenyewe, kwa sababu hapa ndipo ninapohitaji zaidi hekima yako. S ya BAM ni alama kati ya 35 na 39. Kwa baadhi ya programu ufaulu wa namna hiyo unatosha kutimiza sharti la hisabati, na kwa nyingine wanataka zaidi ya hapo au wanauliza alama ya Kidato cha Nne. Lakini nikiweka sharti kando na kujiuliza alama hiyo inasema nini juu ya uwezo wa mtoto, sipati jibu moja. Shule aliyosoma, ambayo sitaitaja, ilikaa muda mrefu bila mwalimu wa hisabati wa kidato cha tano na sita. Wanafunzi waligawana vitabu na kufundishana wenyewe. Aliyeelewa ukurasa alisimama mbele. Baadhi ya sura, zikiwemo za uwezekano na takwimu, hawakuzigusa kabisa. Mtoto aliyepata S katika mazingira hayo pengine ana uwezo kuliko aliyepata S mbele ya mwalimu wa kila siku. Kwa upande mwingine, D ya Kidato cha Nne aliipata katika shule nyingine iliyokuwa na mwalimu, na D katika mtihani huo ni alama kati ya 30 na 44. Hiyo siwezi kuitafutia sababu ya nje.

Tangu amalize mtihani mwezi Mei nimemtafutia mwalimu wa hisabati anayekuja jioni. Walianza mbali, kwenye sehemu, asilimia na milinganyo sahili, kwa sababu mwalimu aligundua kwamba makosa mengi ya mpwa wangu yalianzia huko. Sasa wamefika kwenye kutafuta kiwango cha mabadiliko na anakokotoa maswali ya kawaida mwenyewe; bado hajaanza hesabu za kuunganisha, yaani kurudi nyuma kutoka kiwango cha mabadiliko hadi kitu chenyewe, na mafumbo ya maneno yanamchukua muda mrefu mno. Mwalimu anasema hana tatizo la akili, ana tatizo la mazoezi na hofu. Ninaamini hivyo. Ila sijui maendeleo ya miezi michache yana uzito gani yakilinganishwa na alama zilizochapishwa, na najua kwamba kamati ya udahili haitayaona.

Pengine utauliza kwa nini asichague tu kozi inayofanana na alama zake. Nami niliwahi kumwuliza hivyo. Binti huyu ananisaidia katika biashara yangu ya mawese na dagaa pale Kibirizi, na ndiye anayeandika daftari la mauzo. Anataka kujua kwa nini dagaa wakiwa wengi mvuvi anabaki na kipato kilekile, kwa nini wanunuzi wa kutoka Burundi wanapungua faranga yao inaposhuka, kwa nini sisi tuliozungukwa na michikichi tunapanga foleni kununua mafuta ya kula kutoka nje wakati nchi inasema inahitaji yetu. Maswali hayo anayauliza mwenyewe, na anayafuatilia. Ninaogopa kumnyima kitu anachokipenda kwa dhati kwa sababu ya somo moja, na ninaogopa vilevile kumpeleka mahali ambapo somo hilohilo litamvunja.

Ndugu zetu wamegawanyika. Mama yake mdogo anasema aombe ualimu wa Historia na Jiografia, ambako kwa alama hizi hatakuwa na mashaka. Mwalimu wa Uchumi anasema aombe Dar es Salaam bila kusita, hisabati atajifunza hukohuko. Kijana wa chuo anashauri ajaribu uchumi, lakini aweke pia Mzumbe na Chuo Kikuu cha Dodoma. Mimi nimefikiria uchumi wa kilimo, ambao unafundishwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, kwa kuwa maswali yake mengi yanahusu mazao na samaki. Lakini nako kuna hisabati na takwimu, na muongozo unataka usomwe vizuri kuhusu masomo wanayoyapokea. Kipo pia Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, Dodoma. Halafu kuna wazo la kusubiri mwaka mmoja, arudie Hisabati ya Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea mwezi Novemba, kisha aombe udahili wa mwaka unaofuata akiwa na alama bora na msingi bora. Wazo hilo yeye analipinga vikali, na shangazi zake wanasema msichana akikaa nyumbani mwaka mzima hatarudi tena shuleni. Hilo la shangazi silikubali, maana nyumbani kwangu atarudi shuleni. Lakini ninaelewa kwamba mwaka ni mwaka, na wenzake watakuwa wamekwisha kwenda.

Suala la fedha nalo lipo. Bila mkopo wa Bodi ya Mikopo siwezi kumsomesha Dar es Salaam kwa biashara hii, na ili aupate lazima kwanza awe amedahiliwa mahali. Tukiweka chaguo zote kwenye kozi zenye ushindani mkali akakosa awamu ya kwanza, atalazimika kuomba awamu zinazofuata, ambapo kozi nzuri huwa zimekwisha kujaa. Kwa hiyo mpangilio wa chaguo lake si jambo la kubahatisha.

Mwelekeo wangu kwa sasa, ambao nipo tayari kuuacha ukinionyesha kasoro yake, ni kwamba aombe vyuo vitatu: Uchumi wa Dar es Salaam awe nao kama chaguo la kwanza pale, Uchumi wa Mzumbe au Dodoma, na uchumi wa kilimo wa Sokoine kama masharti yanamruhusu, huku masomo ya jioni yakiendelea hadi siku atakapoondoka. Nakuomba wewe, na wasomaji waliopitia njia hii, mnijibu mambo haya. Je, kwa HGE yenye C ya Uchumi na S ya BAM, kuomba uchumi katika chuo chenye ushindani ni kujaribu kwa busara au ni kupoteza nafasi ya chaguo? Kuna kipimo gani ambacho ninaweza kumpa hapa nyumbani, labda karatasi za BAM za miaka iliyopita anazozifanya kwa saa zilizopangwa, ambacho kikimshinda nijue kwamba hisabati ya mwaka wa kwanza itamshinda pia, na ni alama ngapi niione kuwa inatosha? Na je, yupo aliyeingia kozi ya uchumi akiwa na hisabati kama hii akamaliza salama, na kama yupo, alifanya nini katika muhula wa kwanza?

Mpwa wangu amekubali niandike barua hii na ameisoma yote kabla sijaituma. Ameniomba niongeze kwamba kama mtamwambia asubiri mwaka, mmweleze sababu yeye mwenyewe, si mimi, na kama mtamwambia aombe, mmtajie sura za hisabati za kuanza nazo. Dirisha la udahili limekwisha kufunguliwa, hivyo tutashukuru tukipata majibu mapema.

Wako katika malezi,
Mjomba, Ujiji, Kigoma