Bevo abaki, lakini mabeki je? Barua kwa mwanangu aliye Perth

Mwanangu,

Salam aleikum, sisi huku Footscray wazima alhamdulillahi, babako goti linamsumbua kidogo kwa sababu ya baridi lakini anatembea. Nimesikiliza ile voisi yako mpaka mwisho na babako pia nikamwekea, akacheka, mimi sikucheka. Ati Bevo, kocha wetu wa Western Bulldogs kwenye hii ligi ya futiboli ya Australia, AFL, afukuzwe leo kabla ya kesho, ati timu yote iuzwe abaki nahodha Bont (Marcus Bontempelli) na Sam Darcy peke yao, na ati hao wenzako wa kazini wanaoshabikia Fremantle, timu ya huko, hawakupi pumzi tangu mwezi wa nane. Haya, hao wana haki yao ya kucheka, manake walipanda ndege wakaja mpaka uwanja wa Marvel, nyumbani kwetu, mechi ya mwisho ya msimu, tukishinda tunaingia nane bora wanaocheza mtoano wa kombe, tukipoteza basi, wakatupiga wakarudi zao Perth na nafasi yetu mfukoni. Mechi 14 tumeshinda mwaka huu wa 2025 na bado tumemaliza wa 9. Kuna miaka timu zimeingia mtoano kwa ushindi mchache kuliko huo. Kwa hivo hasira naielewa, mimi mwenyewe siku ile sikupika, nilimwambia babako ale mkate.

Lakini kumfukuza kocha ni maneno ya kwetu hayo baba. Kule Kenya kocha akipoteza mechi tatu ashaanza kufunga mabegi, anakuja mwingine, naye mwaka haumalizi, na timu iko palepale. Huyu Luke Beveridge ameikamata timu tangu msimu wa 2015 na wewe wakati huo ulikuwa mdogo, hujui aliikuta vipi. Nahodha Ryan Griffen alikuwa ameomba kuondoka kwenda GWS (Greater Western Sydney), kocha aliyekuwepo kaondoka, Cooney na Higgins nao wakaenda, mwaka 2014 tumemaliza wa 14 na watu huku magharibi mwa Melbourne walikuwa wanatembea vichwa chini. Akaja huyu bwana ambaye hata hakuwa jina kubwa, alikuwa amefundisha timu ya ridhaa huko St Bede's Mentone akachukua ubingwa miaka mitatu mfululizo akipanda daraja baada ya daraja, halafu akawa msaidizi Hawthorn. Mwaka wa kwanza tu tukaingia nane bora. Mwaka wa pili, 2016, tukamaliza wa 7, na timu ya nafasi ya 7 haikuwa imewahi kuchukua kombe kwa mpango ule wa mtoano, tukaenda Perth hukohuko uliko tukawapiga West Coast pointi 47, tukawapiga Hawthorn waliokuwa mabingwa miaka mitatu, tukaenda Sydney kwa GWS tukashinda kwa pointi 6 tu, halafu fainali pale uwanja wa MCG, tarehe 1 Oktoba, Sydney Swans wakalala 89 kwa 67. Miaka 62 watu wa hapa walikuwa wanangoja kombe, tangu 1954. Nilimuona mzee mmoja jirani yetu, mzungu, mtu wa salamu za mbali tu, analia pale Barkly Street na kumkumbatia kila anayepita, hata mimi na buibui langu.

Na ile ya medali nataka ukumbuke kila ukitaka kumtukana Bevo. Bob Murphy ndo alikuwa nahodha, goti lilimkatika raundi ya 3, akakosa msimu wote, Easton Wood akashika unahodha. Siku ya fainali Bevo kapewa medali yake ya kocha, akamwita Murphy jukwaani akamvisha shingoni. Hakuna aliyemwambia afanye vile. Mtu wa hivo humfukuzi kwa sababu ya mechi moja ya Agosti.

Sasa usidhani namtetea kila kitu. Hapana. Mimi nina hesabu yangu na Bevo na ni hesabu ndefu kuliko yako, wewe umeona mwaka mmoja mbaya, mimi naona miaka. Hebu tuhesabu pamoja: tangu lile kombe la 2016, mwaka pekee ambao tumeshinda mechi hata moja ya mtoano ni 2021. Mmoja tu! 2017 na 2018 hatukuingia kabisa. 2019 GWS walitufanyia aibu. 2020 St Kilda, pointi 3. 2022 hapohapo Perth, tuko mbele ya Fremantle kwa pointi 41, arubaini na moja jamani, tukapoteza kwa 13. 2023 hatukuingia, na tulipigwa na West Coast pale Marvel, West Coast waliokuwa wanaburuta mkia wa ligi nzima. 2024 Hawthorn wakatutoa MCG kwa 37. Na hata huo mwaka 2021 wenyewe ambao tulifika fainali, wakaipeleka hapo Perth sababu ya korona na sisi tumefungiwa ndani, robo ya tatu tunaongoza kwa pointi 19, Bont amefunga, babako ashasimama kwenye kochi, halafu sijui nini kilitokea, timu ya Melbourne wakaanza kufunga na kufunga na kufunga mpaka ikawa tumepoteza kwa 74. Kutoka mbele 19 mpaka nyuma 74. Pale ndo niliona ugonjwa wa timu yetu na mpaka leo ugonjwa ni uleule: tukishika mpira sisi hakuna wa kutuweza, tukiupoteza hakuna wa kutuokoa. Mwaka huu tumefunga magoli mengi mpaka raha, timu ndogo tukazikanyaga bila huruma, zikija zile kubwa mpira unavuka pale katikati na kwenda moja kwa moja langoni kwetu na mabeki wanaangaliana.

Hilo ndo langu na Bevo. Sio maneno yake kwa waandishi, sio ukali wake, hayo hayaniumi. Langu ni kwamba anapenda kuhamisha watu. Kila wiki mtu hajui atasimama wapi, leo beki kesho mbele keshokutwa ni yule anayekaa akingoja kuingia badala ya mwenzake. Sasa wewe utaniambia, mama lakini Rory Lobb je? Kweli. Lobb alitoka hukohuko kwa hao Fremantle wako kama mtu wa mbele, mwaka wa kwanza kila mtu huku anamkebehi, Bevo akamrudisha nyuma 2024 na yule mrefu akawa anadaka kila kitu kinachopita hewani. Na Ed Richards alikuwa beki wa pembeni, akapelekwa katikati akawa kiungo wa kutisha. Hizo nampa, tena nampa kwa mikono miwili, kocha mwingine asingeona. Lakini hao walikuwa watu ambao mahali pao pa zamani palikuwa hapawatoshi. Caleb Daniel alikuwa na shida gani? Yule mfupi wa kofia ngumu, sentimita 168 kwenye mchezo wa majitu, mchezaji bora wa klabu 2020 na kikosi bora cha ligi mwaka huohuo, anatoa mpira kule nyuma kwa mguu uliotulia utadhani ana siku nzima. Jack Macrae, mara tatu kikosi bora cha ligi, mtu wa kuokota mpira tangu firimbi ya kwanza mpaka ya mwisho. Wote wawili 2024 wakawa wanapelekwa kucheza kikosi cha pili na kurudishwa, mpaka wakachoka, Daniel akaenda North Melbourne, Macrae St Kilda. Na Bailey Smith, haya yule alikosa mwaka mzima kwa goti na alikuwa anataka kwenda Geelong kwa hiari yake, simlaumu mtu, lakini nilipomuona mwaka huu anavyokimbia na hizo nywele zake mpaka Geelong wakafika fainali nilizima tivi nikaenda kukunja nguo.

Watu watatu, mwaka mmoja. Timu yoyote ingehisi. Na ukiangalia ni aina gani ya watu: Daniel alikuwa ndo mlango wa kutokea kule nyuma. Saa hizi Bailey Dale anabeba kazi hiyo karibu peke yake, mguu wake mtamu sana lakini wapinzani washajua, wanamuwekea mtu wa kumganda na sisi tumekwama, tunapiga mpira mrefu wa kubahatisha. James O'Donnell nampenda, yule kijana alikuwa mtu wa kriketi, ameingia mchezo huu kwa njia ya dirishani na anajitahidi kweli, lakini huwezi kumuachia yeye na Lobb mzigo wote wakati viungo hawarudi kukaba.

Nyanyako Mombasa hajui kitu lakini huwa ananiuliza, hio timu yenu inaitwaje tena? Siku ya kwanza nilimwambia ni timu ya mbwa, akasema astaghfirullah, huko ndiko mlikoenda kupotelea. Sasa hivi akipiga simu Jumapili anauliza "mbwa wamekula?" Msimu huu mara 14 nimemjibu wamekula, hizo 9 zingine nilimwambia netiweki mbaya.

Kuhusu Jamarra Ugle-Hagan, yule mshambuliaji wetu, sitaki nikusikie ukimsema vibaya kama ulivyomsema. Amekwenda timu ya Gold Coast, hakucheza hata mechi moja mwaka huu, sawa, tulimchukua namba moja kwenye drafti, ule mgao wa vijana wapya, ya 2020 na tulitaka mengi. Lakini wewe ulikuwepo 2023 na unakumbuka. Wiki moja anatukanwa rangi yake na shabiki kwenye mechi ya St Kilda, wiki inayofuata anacheza na Brisbane, anafunga la kwanza, anainua jezi anaonyesha ngozi yake kama Nicky Winmar, Mwaborijini mwenzake, alivyofanya uwanja wa Victoria Park mwaka 1993, na usiku ule akafunga magoli 5. Miaka 20 kijana. Wewe na rangi yako unayoitembeza huko Perth ulinipigia simu sauti inatetemeka, ukasema mama umeona? Nimeona. Basi mtu kama huyo akipata shida za maisha yake tunamuombea dua, tunamuacha aende aanze upya. Kimpira tumepungukiwa, ndio, lakini mbele si ndiko kunakotuuma, mbele tuna Naughton na tuna Darcy.

Na Darcy, subhanallah. Sentimita 208, babake Luke alichezea hapa, babu yake David alichezea hapa, huyo amezaliwa ndani ya klabu. Aliumia goti msimu huu na akarudi mapema kuliko nilivyotarajia, na hata akiwa hajapona vizuri mabeki wawili wanamrukia na bado anadaka. Kama Tom Liberatore tu, babake Tony alichukua Brownlow, medali ya mchezaji bora wa ligi, 1990 na mwana mpaka leo anazama chini ya miguu ya watu kutafuta mpira akiwa na miaka 33, nikimuona namhurumia mamake. Hii klabu yapenda watoto wa nyumbani, ndo maana mwaka 1989 ligi ilipotaka kuiunganisha na timu ya Fitzroy watu wa hapa walipita mlango kwa mlango na makopo kuchangisha pesa mpaka wakaiokoa. Wewe umekulia mtaa huo. Kwa hivo hiyo habari ya "nahamia Fremantle mama, nimechoka" usiniletee tena, hata kwa mzaha, kaishi Perth kama kazi iko huko lakini timu haihamishwi kwa lori.

Kinachonikosesha usingizi ni Bont. Mwezi wa kumi na moja anatimiza 30. Nahodha tangu 2020, mara mbili amekaribia Brownlow akawa wa pili, 2021 nyuma ya Ollie Wines na 2023 nyuma ya Lachie Neale kwa kura 2 tu, medali ya mchezaji bora wa klabu amezichukua mpaka sijui anaziweka wapi, na ana kombe moja alilolipata akiwa na miaka 20. Mwaka huu ulipoanza tu yuko nje na msuli wa mguu, tuliona timu ilivyoyumba. Wangapi wamebaki uwanjani waliocheza ile 2016? Yeye, Libba (huyo Tom Liberatore), wanahesabika. Hiyo ndo sababu nakwambia kubadilisha kocha saa hizi ni kumpotezea Bont miaka miwili ya kujifunza mfumo mpya wa mtu mpya, na hiyo miwili hatuna. Bevo abaki, lakini ashikwe mkono. Apewe msaidizi wa ulinzi mwenye sauti, mtu wa kumwambia hapana, huyu usimguse, huyu umempata muache hapohapo. Na klabu itafute beki mrefu mmoja na mfupi mmoja mwenye mguu wa kutoa mpira, ikibidi watoe nafasi za drafti watoe, tunangoja nini.

Uanachama wako wa 2026 babako ashalipia, usijifanye hujaona meseji. Nimekutumia kwa yule kijana wa Sunshine anayekuja huko wiki ijayo achari ya maembe na visheti, mpokee uwanja wa ndege usimuache ahangaike. Na Jumapili ukinipigia baada ya adhuhuri, njoo na majina ya mabeki, ya makocha nimeshachoka kuyasikia.

Mamako