Barua ya wazi kwa binamu yangu, kabla hajaingia ubia mwingine

Binamu yangu,

Siku ya arobaini ya Shangazi tulisimama pamoja nyuma ya nyumba, wewe umeshika upawa na mimi nimeshika sinia, tukawapakulia watu pilau kwa karibu saa nzima bila kusemezana zaidi ya "ongeza" na "inatosha". Waliotuona walidhani tumepatana, na jirani mmoja alimshukuru Mungu kwa sauti ili sote wawili tusikie. Tulipokuwa tunanawa mikono ndipo uliponiambia, ukiitazama ndoo na si uso wangu, kwamba unafungua kampuni nyingine ya mambo ya mtandaoni, baada ya ile tovuti yetu ya kutangaza nyumba za wageni na mashua za Pangani, kwamba umempata kijana hodari wa kutengeneza tovuti, na kwamba ungependa niikague kazi yake. Nilikujibu kwamba nitafikiri. Nimefikiri kwa wiki tatu, na jibu limekuwa refu mno kwa ujumbe wa simu. Tena nimeona heri niliandike mahali ambapo kijana huyo naye anaweza kulisoma.

Kabla hujampa kazi yoyote, andika tarakimu mbele ya jina lake. Unalikumbuka daftari la Shangazi, lile la jalada jekundu la madeni ya vitumbua, ambalo wewe na mimi tulilifanya ofisi ya msajili kwa sababu hakuna kati yetu aliyetaka kuonekana anamdai ndugu yake karatasi. Ukurasa wetu ulikuwa na mistari miwili tu. Mbele ya jina lako Shangazi aliandika shilingi 1,200,000. Mbele ya langu aliandika neno moja: kazi. Tulicheka wote watatu, na mimi ndiye niliyecheka zaidi. Baada ya hapo, kila tulipogombana wewe ulikuwa na kiasi cha kutaja, nami nilikuwa na neno. Usiku niliokesha nikipunguza ukubwa wa picha za mashua ili ukurasa ufunguke kwa mgeni mwenye intaneti ya kusuasua haukuwa na pa kuandikwa katika daftari lile, na mtu akishazoea kuiona kazi ya mwenzake haina tarakimu, hachelewi kuiona haina thamani.

Utaniambia tena kwamba ndugu hawaandikiani. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ina sehemu nzima inayohusu ubia, na wabia wasipokubaliana vinginevyo inawahesabu kuwa sawa katika faida na sawa katika hasara, awe aliyeleta fedha au aliyeleta mikono yake. Niliisoma mwaka 2014, wakati hatukuwa tena na faida ya kugawana.

Nakumbuka ulivyopenda kutufananisha na wale vijana wawili wa Stanford. Mkongo wa intaneti wa Seacom, ule unaopita chini ya bahari, ulikuwa umefika Dar es Salaam mwaka 2009, nasi tulipoanza mwaka uliofuata ulisema kila mtu ana Google yake inayomsubiri. Sikukukatiza, maana hakuna aliyewahi kukukatiza ukiwa umewaka, na huo ndio ulikuwa mtaji wako wa kweli, mkubwa kuliko ile milioni na laki mbili. Ulikuwa unashuka Pangani na viatu mkononi wakati wa masika, unaingia nyumba ya wageni moja baada ya nyingine, unatoka na picha, bei za vyumba na ahadi ya mwenye nyumba, ilhali mimi nisingeweza kumwambia nahodha wa mashua hata jina langu bila kugugumia. Hilo nalikiri mbele ya watu. Lakini hadithi ya Google ulikuwa unaianzia katikati. Larry Page na Sergey Brin walipokutana mara ya kwanza, mwaka 1995, inasimuliwa kwamba hawakukubaliana karibu katika jambo lolote. Agosti 1998, Andy Bechtolsheim, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya kompyuta ya Sun Microsystems, aliwaandikia hundi ya dola 100,000 kwa jina la Google Inc., na kampuni ya jina hilo ilikuwa haijakuwepo. Hundi ikabaki karatasi tu mpaka waliposajili kampuni, mwezi uliofuata. Unaona fedha ilivyosubiri jina? Kwetu sisi malipo ya kwanza yaliingia kwenye simu yako, ya pili vilevile, na jina la tovuti ukalisajili kuwa lako binafsi kwa sababu siku hiyo tulikuwa Dar na kitambulisho changu kilikuwa Tanga. Sikukushuku siku ile, na hata leo sidhani kwamba ulikusudia. Ila hukulibadilisha.

Kuhusu viungo, vile vya kubonyeza vinavyompeleka msomaji kwenye tovuti nyingine, nitapita haraka, kwa kuwa tulishayamaliza. Mtambo wa kutafuta wa Google ulijengwa juu ya wazo kwamba tovuti inayoweka kiungo cha kwenda kwa mwenzake inampigia kura, na kwamba kura ya tovuti inayoheshimika ina uzito kuliko ya ile isiyojulikana. Wewe ulipolisikia neno kura ukaelewa kwa namna ya kwetu: ukamlipa mtu usiyemjua dola 150, akatuletea viungo 6,000 kutoka kwenye kurasa za kamari na dawa za nguvu za kiume. Nilikukumbusha kwamba hata takrima, ile ruhusa ya wagombea kuwakirimu wapiga kura, ilifutwa na Mahakama Kuu mwaka 2006, ukacheka, na kwa miezi minne tuliongoza kila orodha. Tarehe 24 Aprili 2012 Google ilipitisha mchujo walioupa jina la Penguin, uliolenga hasa kura za namna hiyo, na kesho yake simu zikanyamaza. Ni mimi niliyekaa miezi kadhaa nikiwaandikia wenye kurasa zile waondoe viungo, na Oktoba Google ilipotoa njia ya kuvikana viungo usivyovitaka, ni mimi niliyeandaa orodha, mstari kwa mstari. Hata hivyo ilibidi kungoja mchujo upitishwe tena. Ulipopitishwa tarehe 22 Mei 2013 tukarudi ukurasa wa kwanza, ukanipigia simu saa tano usiku ukilia. Sijawahi kumsimulia mtu kwamba ulilia. Samahani, nimewasimulia sasa.

Mwezi mmoja baadaye ndipo tulipokwenda Zanzibar.

Unafahamu ninakoelekea, na huenda unataka kuufunga ukurasa huu. Tulikuwa ghorofa ya juu ya hoteli ile ya Shangani, na upepo ulikuwa ukiinua pembe za karatasi mpaka mwenyeji akaziwekea kisahani cha halua juu yake. Aliniangalia kwa wema, kama mtu anayetaka kumjua kila mgeni wake, akauliza, "Na huyu bwana?" Ukajibu bila hata kugeuka, "Huyu ni kijana wangu wa kompyuta." Mimi niliyekuzidi miezi minne! Mhudumu alikuwa ameinamisha dele juu ya kikombe changu. Aliposikia hivyo alisita, akalirudisha wima, akamimina kwanza kikombe cha mwenyeji na chako, kisha akarudi kwangu na kahawa iliyokuwa imebaki machicha. Nikaisoma karatasi iliyokuwa mbele yako juu chini. Ilikuwa na mstari mmoja wa sahihi kwa upande wetu, na chini yake neno "mmiliki". Ukatia sahihi. Nilikula kipande cha halua ili kinywa changu kiwe na shughuli.

Kwenye boti ya kurudi nilikuuliza, nawe ukasema kwamba hiyo ni lugha ya biashara tu, kwamba mteja akiona wakubwa wawili hajui amlipe nani. Pengine ilikuwa kweli. Nimewahi kukaa na wateja wa namna hiyo tangu wakati ule, na nakubali kwamba wengi wanapenda kushika mkono mmoja. Lakini ungeweza kusema "ndugu yangu", neno lisilo na gharama wala cheo, na dele lisingerudi wima.

Sasa lile la Julai. Ninyi wengine mnaosoma, nilikuwa nimewasahau, inabidi muelezwe kwamba kila tovuti inaweza kuwa na faili ndogo iitwayo robots.txt. Roboti ya mtambo wa kutafuta, yaani programu inayozunguka ikisoma kurasa, ikifika huanzia hapo, kama mtu anayepiga hodi, isome kama inakaribishwa na vyumba vipi isivitie mguu. Utaratibu huo ulipendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994, na kwa zaidi ya miaka 28 haukuwa na nguvu yoyote isipokuwa adabu ya wanaoufuata, mpaka ulipochapishwa kuwa kiwango rasmi cha intaneti Septemba 2022, kwa namba RFC 9309. Na hata sasa roboti isiyo na adabu hupita tu. Tovuti ya majaribio, ile unayoijengea pembeni, kwa kawaida huwekewa mistari miwili ya kuzikataa roboti zote. Mstari wa pili unaishia na alama moja ya mkwaju (/), jina lilelile la mti wa uani kwa Shangazi. Ukiifuta alama hiyo milango yote iko wazi. Ukiiacha yote imefungwa.

Uliwaambia watu wa nyumbani kwamba nilikufungia tovuti kwa kisasi, katikati ya msimu wa wageni, na kwamba hoteli ya Shangani ilivunja mkataba kwa ajili yangu. Shangazi aliniita, akanikalisha kwenye kibao cha mbuzi kama mtoto, akaniuliza kama niliweka mimi kizuizi kile makusudi. Niliapa kwamba sikuweka makusudi, na kiapo kile kilikuwa cha kweli. Nilikuwa nimehamisha toleo jipya kutoka kwenye majaribio usiku wa manane, nikiwa peke yangu kama kawaida, na faili ile ikaja pamoja na mafaili mengine. Kosa hilo limewakuta mafundi wengi wazuri kuliko mimi.

Asubuhi ya pili nililiona. Nilitafuta jina letu, likatokea, na chini yake, mahali pa maelezo ya fukwe na mashua, palikuwa na sentensi moja kwamba maelezo hayapatikani kwa sababu ya robots.txt. Nikaingia kwenye seva, nikalifungua faili, nikaweka kielekezi mbele ya ule mkwaju. Kilikuwa kinawakawaka. Kubonyeza mara moja tu kungetosha, na kwa kuwa Google hukaa na nakala ya faili hiyo kwa muda wa hadi saa 24, kesho yake roboti zingekuwa zimeanza kurudi. Nikafikiri, hii ni kazi ya mmiliki. Nikafunga kompyuta. Niliufuta siku ya 11.

Kwa hiyo sikuuweka makusudi, niliuacha makusudi. Shangazi aliuliza la kwanza, hakuuliza la pili, na miaka yote hii nimekuwa nikijiambia kwamba asingenificha kama angelijua, halafu najiambia kwamba alijua. Siombi radhi yote. Kijana wa kompyuta wa mtu hukesha kwa mshahara uliotajwa, na mimi sikuwa nimetajiwa. Wewe mwenyewe, kwa siku zote 11, hukuwahi hata kutafuta jina la tovuti unayoimiliki. Ulikuja kuambiwa na mteja. Lakini hoteli ile haikunikosea lolote, wala wenye nyumba za wageni wa Pangani walioshangaa simu zao zimekuwaje, na hao ninawafikiria kuliko ninavyokufikiria wewe.

Nilikusudia kukushauri, nami naona ushauri umenipotea njiani. Uwe huu basi: nendeni BRELA, kwa wasajili wa kampuni, wote wawili, kila mmoja na kitambulisho chake, fungueni akaunti kwa jina la kampuni, jina la tovuti lisajiliwe kwa kampuni, si kwako wala kwake, nywila za seva ziwe na watu wawili. Andikeni pia atakayeondoka ataondoka na nini, na muandike mapema, mngali mnachekeana. Na ukimtambulisha kwa mteja, mtaje kwa jina lake. Kazi yake nitaikagua bure. Wewe na yeye nitawatoza kwa yatakayofuata.

Limebaki jambo moja. Jina la tovuti yetu ya zamani bado ni lako, lakini ilani za malipo huja kwangu, kwa kuwa siku ile ya usajili hukuikumbuka nywila ya barua pepe yako ukaandika yangu. Nimelilipia kila mwaka tangu 2014, ingawa hapana kitu ndani yake zaidi ya ukurasa mmoja wenye picha ya mto Pangani. Ilani ya mwaka huu imefika Jumatatu, na muda unakwisha tarehe 19 Novemba. Safari hii sijalipa. Daftari jekundu najua liko kwako, nililiona chini ya mto wa kiti siku ya arobaini, nawe uliniona nikiliona. Nipigie picha ukurasa wetu, unitumie, nami nitalipa siku hiyohiyo.