Mjomba, mwache anywe dawa zake

Shikamoo mjomba.

Najua hii utatumiwa kwenye grupu la ukoo kabla hata hujamaliza chai, na wapo watakaosema mpwa gani huyu anamjibu mjomba wake hadharani. Lakini kwetu huku kusini mjomba ndo mwenye watoto, neno lako mama hawezi kulipita, ndo maana nakuandikia wewe na sio mchungaji.

Habari yenyewe ni mdogo wangu. Ulimwona mwenyewe siku ile barazani, sahani ya ming'oko mbele yake imepoa mpaka sisimizi wamepanda, na yeye yupo tu anaiangalia, mtu aliyekuwa anashika sauti ya kwanza kwaya nzima inamfuata. Daktari akasema sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, akampa vidonge, akaeleza vizuri kabisa kwamba vinachukua wiki kadhaa mpaka mtu aanze kuona nafuu na visikatishwe hovyo. Hizo wiki hazijaisha vidonge vikakusanywa vikapelekwa madhabahuni, akaambiwa akivirudia anamdharau Mungu, alafu akafungishwa mfungo wa siku tatu. Mtu ambaye tayari alikuwa hali wala halali! Mjomba jamani.

Na kila ukija unamsomea mstari ule ule, furaha ya Bwana ni nguvu zenu, kama vile yeye kaificha hiyo furaha mahali anagoma kuitoa. Sasa fungua Nehemia 8:10 usome wote, usianzie katikati. Watu wanalia pale, na kabla hawajaambiwa habari ya furaha wanaambiwa waende wakale vilivyonona, wakanywe vitamu, na wampelekee sehemu yule asiyewekewa kitu. Yani chakula kwanza, na jirani akumbukwe, hicho kipande mbona kwenye ibada hakisomwagi?

Eliya naye, 1 Wafalme 19, juzi tu kashusha moto Karmeli, leo kalala chini ya mti anamwomba Mungu amuondoe duniani. Nabii kabisa, sio muumini wa kusuasua. Angekuja kwetu tungemkemea usiku kucha. Mungu yeye alimtuma malaika na mkate na maji, akamgusa, "Inuka, ule", akala akalala tena, malaika akarudi mara ya pili, na hakuulizwa umefanya dhambi gani. Maongezi marefu na Mungu yalikuja baadae, huko Horebu, mwili ukiwa umeshapata nguvu.

Unasema ni roho ya huzuni, itolewe. Mi siwezi kubishana na wewe mambo ya roho umenizidi umri na maombi, ila Gethsemane Bwana mwenyewe alisema "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa", na alichowaomba rafiki zake ni wakae wakeshe naye. Wakalala! Na kuna Zaburi ya 88, inaanza na kilio inaishia gizani, haina ushuhuda mwishoni, na bado imo kwenye Biblia tunaimba. Kwaio Jumapili hii asisimamishwe mbele aseme amepona. Hajapona.

Alafu we mwenyewe mjomba dawa ya presha unameza kila asubuhi na unaiombea, sijawahi kusikia umeambiwa huna imani. Ubongo nao ni nyama ya mwili kama moyo. Na wazee waliotuletea dini huku hawakutenganisha hivi vitu, Ndanda pale misheni ipo tangu 1906, kanisa na hospitali majirani, na Sista Thekla Stinnesbeck alikuwa mtawa na daktari huyo huyo mmoja. Sijui hii ya kuchagua kati ya Yesu na kidonge imeingia lini.

Kuna maneno mdogo wangu aliniambia usiku siwezi kuyaandika hapa, nitakupigia, na simu yangu tafadhali usiikate. Kwa sasa mama analala nae chumba kimoja, na ile salfa na madawa mengine ya mikorosho yaliyokuwa stoo tumeyahamisha.

Maombi yaendelee, mafuta mpake, mi sina shida. Ila kufunga mwacheni, na dawa arudishiwe, asianze tu mwenyewe kwa kukisia, daktari ndo amwambie aanzeje. Kliniki ni Jumatano. Nauli nimeshatuma kwa mama, lakini naomba umpeleke wewe na sio mtu mwingine, ukae nae kwenye benchi, uingie nae mpaka kwa daktari umuulize yote unayoniuliza mimi. Akitoka mnunulie uji hapo nje, wa moto, anakunywa kidogo kidogo siku hizi usimharakishe.

Anti msalimie, mwambie magunia ya korosho nimeyapata.