Sanduku la mzee wa Pasiansi

Mwanza, Jumapili jioni

Shoga yangu Tausi,

Mwangaluka! Natumaini hamjambo nyote hapo Tabata, na goti la mama mkwe limepata nafuu. Mpe shikamoo yangu. Sisi huku wazima, ila dagaa wamepanda bei mpaka nimeacha kuuliza. Salamu nyingine baadaye, maana kuna jambo limenikaa rohoni na haliwezi kungoja.

Ni kuhusu marehemu baba yake Mama Neema, yule fundi wa ndege. Arobaini yake ni Jumamosi ijayo. Jana nilikwenda Pasiansi kuwajulia hali, nikakuta vijana wametoa vitu vyote vya stoo wamevimwaga uani, na mtu wa skrepa kasimama na mizani yake. Tausi, lile sanduku la bati la kijani! Lile ambalo hakuna mtoto aliyeruhusiwa hata kuliegemea. Liko wazi, spana zimetawanyika mchangani. Zile spana za inchi zilizogongwa herufi E.A.A., yaani East African Airways, kwa nukta ndogondogo, moja moja.

Na lile trei la mbao lenye matundu 28, unalikumbuka? Alituonyesha tukiwa darasa la sita, siku ile tulipotumwa kupeleka maziwa. Injini ya ndege ya Dakota ina silinda 14, kila silinda ina plagi mbili za cheche. Kila tundu lina namba yake, ili ukifungua plagi ujue imetoka silinda gani: yenye masizi au iliyolowa mafuta inakwambia ugonjwa uko wapi. Namba zenyewe zilichomwa kwa chuma cha moto. Nililiokota nikalinusa, mpaka leo linatoa harufu ya petroli. Mtu wa skrepa alilitupa pembeni kwa sababu mbao haipimwi kilo, na kaka mkubwa akasema litafaa kuwashia jiko.

Nilishindwa kunyamaza. Nikamwomba wasiuze chochote mpaka arobaini ipite. Amekubali kwa shingo upande. Ndiyo maana nakuandikia leo hii.

Unajua ninavyohangaika na jambo hili tangu nianze kufundisha historia. Mwanza hii ina historia ya ndege ambayo miji mingi ya Afrika haina, na hatuna hata kabati moja la kuionyesha. Tarehe 28 Februari 1931 Imperial Airways walianzisha safari ya kila wiki kutoka Croydon, London, kuja Afrika Mashariki, na mwisho wa safari haukuwa Nairobi wala Dar es Salaam. Ulikuwa Mwanza! Kutoka Khartoum walitumia ndege za Short Calcutta, mabawa juu na chini, injini tatu, tumbo lake ni la mashua, zikatua juu ya maji haya haya tunayoyavua. Mwaka uliofuata njia ikaendelezwa mpaka Cape Town kwa kupitia Kisumu na Nairobi, sisi tukaachwa kando. Wanafunzi wangu nikiwaambia haya wanacheka, wanadhani natunga. Na sina cha kuwashikisha mkononi ili waamini.

Baada ya hapo ndiyo zama za mzee. East African Airways ilianza 1946, ikafa 1977 pamoja na Jumuiya, na Machi mwaka huo huo Shirika la Ndege la Tanzania likaundwa. Yeye alibadilishiwa beji tu, spana akabaki nazo. Ndizo hizo zilizomwagwa mchangani.

Unakumbuka alivyokuwa akisimulia ile Boeing 737 iliyotekwa Februari 1982? Imeondoka hapa kwenda Dar, ikaishia Nairobi, Jeddah, Athens, mpaka Stansted kule Uingereza, watekaji wanataka Mwalimu ajiuzulu. Alikuwa akifika kwenye Jeddah anasimama kabisa kitini. Halafu miaka ya sangara, zile Ilyushin kubwa zilizokuwa zikitetemesha mabati alfajiri zikipeleka minofu Ulaya. Moja iliangukia ziwani Machi 2005, punde tu baada ya kuruka, wakafa wote wanane. Na hii ndege ya Precision Air iliyoangukia ziwani pale Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, watu 19 wakapotea na 24 wakatoka hai, wavuvi akina Majaliwa Jackson wakiwa wa kwanza kufika kwa mitumbwi. Waliozama na meli ya MV Bukoba wana makaburi yao Igoma, mtoto akiuliza unampeleka. Habari za ndege utampeleka wapi?

Si kwamba nataka makumbusho ya misiba. Nataka watu wajue kazi. Nani alijaza mafuta, nani alifunika barua zisilowe, nani alibeba mizigo ya wagonjwa. Hao hawapo kwenye kitabu chochote ninachofundishia.

Nimesoma habari za Foynes, kijiji cha bandari kule Ireland. Ndege za majini za abiria zilitua pale kati ya 1939 na 1945, basi. Lakini tangu 1989 wana makumbusho ndani ya jengo lile lile la zamani la abiria, na wamejenga mfano wa Boeing 314 kwa ukubwa wake halisi, mgeni anaingia ndani na kukaa. Miaka michache tu ya ndege, na wameitunza hivyo. Wala sihitaji kwenda mbali, makumbusho ya Wasukuma ya Bujora yako hapo Kisesa. Padre David Clement alianza kukusanya vitu vya Wasukuma miaka ya 1950, wakati ngoma za watemi zilikuwa bado majumbani mwa watu. Angengoja serikali ijenge jengo kwanza, leo tungekuwa na nini pale?

Kwa hiyo mimi sisubiri jengo. Mkuu wa shule amenipa kabati la kioo lenye kufuli, lipo maktaba. Nataka kuanza na sanduku hili, lile trei, na daftari lake. Ndiyo, kuna daftari! Jalada limeliwa na mende, lakini mwandiko ni ule ule ulionyooka: tairi lipi limebadilishwa, plagi ipi imetupwa, ndege imerudi saa ngapi kutoka Bukoba. Ukurasa mmoja ameandika kwa kalamu nyekundu, "Rubani hana haraka, mvua ina haraka," akapigia mstari. Nilisimama pale uani nikausoma mara nyingi, mtu wa skrepa akiniangalia.

Sasa ombi langu. Zungumza na Mama Neema kabla hajapanda basi kuja kwenye arobaini. Wewe anakusikiliza, tangu mambo ya ile harusi. Mwambie siombi bure: bei ya skrepa nitailipa mimi, na zaidi kidogo, ili kaka zake wasione wamepunjwa. Tena tutaandikiana kwamba ni azima, vitu vibaki mali ya familia, na jina la mzee liandikwe kubwa juu ya kabati. Wakija kuvitaka siku yoyote wavichukue. Ninachoogopa ni wiki hii. Yule mtu anapita kila siku asubuhi na mkokoteni wake, na kaka mdogo ana madeni, unamjua.

Utampata lini? Ukimpigia leo usiku utaniambia alivyosema? Na mjomba wako aliyekuwa mhudumu kwenye zile ndege za Super VC10, bado anaishi Kinondoni? Picha zake na lile koti la sare vipo, au wajukuu wameshavaa wakamaliza? Anaweza kukaa na mtu akamrekodi, kumbukumbu zake bado nzima? Na Nyaraka za Taifa pale Upanga, unamfahamu mtu wa kunielekeza jinsi ya kuomba picha za Mwanza za mwaka 1931? Mwenyewe unakuja lini? Likizo ya Juni, wakati wa Bulabo, ile sikukuu ya ngoma za Wasukuma, utaweza?

Rafiki yako,
Kabula