Ulizeni kwanza mtatumwa wapi

Tumsifu Yesu Kristo.

Wanangu, nimesikia sita kati yenu mmeandikisha majina kwenda siku za "njoo uone", zile za kuonja maisha ya utawa, kwa Masista Wamisionari wa Consolata. Nilifurahi, kisha usiku nikakosa usingizi. Nimefanya unesi miaka 38, mingi yake nikiwa na masista, na nimeona wasichana wakisindikizwa utawani kwa vigelegele, halafu baadhi yao wakirudi nyumbani gizani ili majirani wasione. Niliowajua hawakushindwa na sala wala ufukara. Walishindwa siku waliyotajiwa mahali pa kwenda.

Hapa kwetu tukisema "sista" tunawatia wote kapu moja. Kuna mashirika ya jimbo, ambayo kazi yake hasa iko nyumbani, kama Masista wa Maria Imakulata wa Nyeri, lililoanzishwa 1918. Wasichana wa kwanza wa Kigikuyu walioingia huko walikuwa mashujaa, maana binti akikataa kuolewa mbuzi wa mahari hawaji, na baba hakuchukulia jambo hilo kwa mzaha. Na kuna mashirika ya kimisionari, yanayotuma masista mbali na kwao. Sista wa jimbo kwa kawaida atakuwepo mama yake akizikwa. Mmisionari huenda akaletewa habari kwa simu, mazishi yamekwisha. Hakuna lililo bora kuliko jingine, ila hilo ndilo mlifikirie kabla ya kufunga sanduku.

Kwa Consolata, kutumwa ndiyo kazi yenyewe. Giuseppe Allamano, padri wa Turin, Italia, alianza na mapadri na mabruda mwaka 1901, na wanne wa kwanza wakapokewa na Chifu Karuri kule Tuthu mwaka uliofuata. Masista walikuwa bado hawajapatikana, kwa hiyo 1903 wakaletwa wa kuazima, wale wa shirika la Cottolengo la Turin hiyohiyo. Inasimuliwa kwamba Allamano alimwambia Papa Pius wa Kumi kuwa hana wito wa kuanzisha shirika la masista, na Papa akamjibu kama huna, mimi nakupa. Shirika likazaliwa tarehe 29 Januari 1910, na mwaka 1913 kundi la kwanza likaanza safari ya kuja Kenya. Allamano mwenyewe hakuwahi kufika Afrika. Hali ya afya yake haikumruhusu, ndiyo maana nacheka nikisikia mtu akisema lazima mwanzilishi aonje kila kitu.

Sisemi walikuja kama malaika. Walikuja zama za mkoloni, kwa reli yake na kwa ruhusa yake, na vita vyake viliwameza pia. Sista Irene Stefani alifika 1915 akiwa na miaka 23, akitegemea kufundisha katekisimu. Akajikuta Voi, kisha Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam, akiwauguza wapagazi wetu waliokusanywa kubeba mizigo ya Waingereza dhidi ya Wajerumani. Ni wale wa "Carrier Corps", jina lililotuachia Kariakoo na Kariokor. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na malaria kuliko kwa risasi. Binti yule wa Brescia alikuwa akiwasafisha vidonda watu ambao hata rekodi za jeshi hazikuwaandika vizuri majina.

Baada ya vita alipelekwa Gikondi, Mukurweini. Nendeni siku moja mkapande vile vilima kwa miguu, mtaelewa kwa nini buti zake kubwa hazisahauliki. Alifundisha, alizalisha, alitembelea nyumba moja baada ya nyingine, na jioni akina mama wasiojua kalamu aliwaandikia barua za kupeleka kwa watoto wao waliokuwa mijini. Hilo la barua ndilo linalonigusa kuliko yote, kwa sababu ni kazi isiyo na sherehe. Watu wakamwita Nyaatha, mama wa huruma. Oktoba 1930 alimhudumia mgonjwa wa tauni, akaambukizwa, akafa tarehe 31 akiwa na miaka 39. Tulimshangilia Nyeri tarehe 23 Mei 2015 alipotangazwa mwenye heri, na mvua ya siku zile mmeisikia kwa wazazi wenu.

Sasa Sista Leonella Sgorbati, ambaye ni wa wakati wenu. Alikuja Kenya 1970, akafundisha wauguzi Nkubu, Meru, akawa mkuu wa masista wa kanda. Angeweza kumalizia uzee wake kwenye bustani ya konventi. Akaenda Mogadishu kuanzisha chuo cha uuguzi, mahali ambapo hapakuwa na parokia ya kumkaribisha. Tarehe 17 Septemba 2006 alipigwa risasi akitoka darasani, na mlinzi wake Mohamed Mahamud, Mwislamu, baba wa watoto wanne, akafa pamoja naye. Maneno yake ya mwisho yalikuwa nasamehe, mara tatu.

Wengine wa shirika hilohilo wako Mongolia tangu 2003. Wengine wako kwa Wayanomami katika msitu wa Amazon, Brazili, ambako mwaka 1996 mtu mmoja aliraruliwa na jagwa, mnyama kama chui, na masista wakamwombea kwa Allamano. Kupona kwake ndiko kulikomfanya Allamano atangazwe mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024.

Kwa hiyo mkifika huko, msiulize tu ratiba ya sala na ada ya shule. Mwulizeni mlezi, yaani sista anayewaandaa wanaoingia: nikipelekwa mahali pasipo na Mkristo hata mmoja, nitajifunza lugha yao kwa miaka mingapi? Mzazi wangu akiugua, nani ataamua nirudi? Mlezi mzuri hatakasirika. Na wazazi, msiwashike mabinti kwa machozi, wala msiwasukume kwa sababu ya sifa za kanisani.

Atakayeona moyo wake uko kwa watu wa nyumbani, aje nimpeleke mwenyewe kwa Maria Imakulata. Mwenye swali anitafute Jumapili baada ya misa ya pili. Nakaa benchi la nyuma, karibu na mlango, kwa sababu ya goti.

Ni mimi nyanya yenu, nesi mstaafu.