Kabla ya leza, uliza unene wa konea

Mhariri,

Matangazo ya "tupa miwani yako" yamejaa mitandaoni, na wasomaji wengi huuliza bei ya upasuaji wa macho wa leza kabla ya kuuliza kama inawafaa. Jibu liko kwenye konea, kioo angavu cha mbele ya jicho.

Konea nyingi zina unene wa maikroni 540 hivi katikati, yaani nusu milimita na ushee. Katika LASIK, upasuaji wa leza wa kuondoa haja ya miwani, daktari hukata kifuniko chembamba cha juu, maikroni kama 110, hukifunua, kisha leza huchonga tabaka la chini yake. Kila dayopta moja (kipimo cha nguvu ya miwani, ile "namba") ya kutoona mbali hula maikroni 12 hadi 15. Kinachobaki chini ya kifuniko kisipungue 250. Madaktari waangalifu hutaka 300. Basi, tukihesabu 15 kwa kila dayopta, mwenye konea ya 540 na namba -4 anabakiwa na 370, hana neno. Mwenye 490 na namba -9 anabakiwa na 245. Huyo asikatwe, hata awe na fedha kiasi gani, maana konea iliyodhoofika huweza kubinuka mbele miezi au miaka baadaye, na miwani ya kawaida isimfae tena.

Unene peke yake hautoshi. Umbo la konea lipigwe ramani, kwa kuwa keratokonasi (ugonjwa wa konea kuwa nyembamba na kubinuka kama koni) ikiwa changa hujificha. Vijana wenye mzio wa macho tangu utotoni, wale wasioacha kuyafikicha, ndio wa kuchunguzwa zaidi. Anayevaa lenzi laini azivue wiki mbili kabla, la sivyo ramani itadanganya. Walio chini ya miaka 18, wajawazito, wanaonyonyesha na wote ambao namba yao bado inabadilika wasubiri.

Aina nyingine ya upasuaji wa leza, PRK, haina kifuniko, hivyo huokoa unene. Malipo yake ni maumivu ya siku 3 hadi 5 na wiki kadhaa za kuona ukungu. Namba zikiwa kubwa mno, kuna lenzi ya kupandikizwa ndani ya jicho. Inaweza kutolewa, lakini ina hatari ya mtoto wa jicho na presha ya jicho. Na mwenye miaka 45 aelezwe wazi: leza ikimrekebishia macho yote mawili yaone mbali, miwani ya kusomea atainunua vilevile.

Lenzi za kuvaa ni nzuri kwa mtu msafi na mwenye nidhamu. Zisiguse maji ya bomba, yana amiba wanaoweza kula konea. Usilale nazo, na kikasha kibadilishwe kila miezi 3.

Miwani ndiyo salama kuliko zote, ila huharibiwa dukani. Kitovu cha lenzi kikipishana na mboni kwa milimita 5 kwenye namba -6, lenzi inapinda mwanga kando kwa dayopta 3 za prizimu (kipimo cha mwanga kupindishwa): kichwa kuuma, wakati mwingine kuona viwili. Mteja akilalamika huambiwa "utazoea". Asizoee, arudishe, umbali kati ya mboni upimwe upya.

Tunaliomba gazeti lako, likipokea tangazo la leza, limtake mtangazaji aandike kwamba mgonjwa atapewa kwa maandishi unene wa konea yake, ramani yake na maikroni zitakazobaki, kabla hajalipa chochote zaidi ya ada ya vipimo.

Wapima macho,
Dar es Salaam